Mchi, Raketi na Kiwiko cha Mwalimu Veronika

Marahaba, wajukuu zangu. Nimeitikia kabla hamjaniamkia kwa sababu nawajua. Mkifika barazani kwangu mna haraka, shikamoo inatoka nusu na swali limeshatangulia: "Bibi Somoe, raketi ipi nzuri?" Basi leo nawajibu wote kwa pamoja, na nawajibu kwa maandishi, maana nikisema kwa mdomo mnasikia ile sehemu mnayoitaka tu na kuondoka nayo.

Kwa asiyenijua, kazi yangu ilikuwa kuwamba raketi za tenisi. Nimeifanya mjini Lindi, katika klabu moja ya zamani yenye viwanja vya saruji, tangu kichwa changu kikiwa cheusi mpaka kikawa hivi mnavyokiona. Kisha nikastaafu, nikaja hapa Kilwa Masoko kukaa karibu na dada zangu. Watu wakisikia mwanamke wa kijijini Kinjumbi kafanya kazi hiyo, kwanza hucheka. Hata mimi nilicheka. Lakini baba yangu alikuwa fundi wa kuwamba vitanda vya kamba, na sisi watoto wake, wa kike kwa wa kiume, tulijua kuvuta kamba kabla hatujajua kusoma. Nilipoajiriwa klabuni niliajiriwa kufagia. Siku moja Mzee Chande, fundi wa raketi pale, akanikuta nakaza kamba za kitanda cha mlinzi. Akasimama, akaangalia mikono yangu, akauliza, "Binti, nani kakufundisha?" Nikamwambia baba. Akasema, "Njoo huku," na fagio likabaki pale pale ukumbini mpaka mwenzangu alipoliondoa kwa manung'uniko.

Mwanzoni niliziwamba raketi kama vitanda. Navuta, nakaza, navuta tena, nikiamini kwamba uzi ukilia juu ndiyo kazi nzuri. Mzee Chande alichukua raketi yangu ya kwanza, akagonga nyuzi kwa ukucha, akasikiliza, akauliza, "Hii ya nani?" Nikajibu sijui, nimeikuta tu kwenye foleni. Akanirudishia. "Basi hujaanza kazi," akasema. "Nenda kamjue mwenyewe kwanza." Nilidhani mzee ananionea. Kumbe alitaka nijue mwenye raketi ana umri gani, anapiga kwa mkono mzima au kwa kifundo tu, mchana anashinda anafanya nini, na usiku akilala mkono unamuuma wapi. Tangu siku hiyo sijawahi kuwamba raketi ya mtu nisiyemjua, na ndiyo maana mnaponionyesha picha kwenye simu na kuniuliza kama ni nzuri, nakaa kimya mpaka mnakasirika.

Enzi zile fremu ilikuwa ya mbao na nyuzi za wenye uwezo zilikuwa za utumbo wa ng'ombe. Ndiyo, utumbo, msikunje nyuso. Zilikuwa laini, mpira ukigusa unasikia raha mpaka begani. Taabu yake ilikuwa hewa ya bahari, ikizitia unyevu zinalegea, na taabu kubwa zaidi ilikuwa panya. Asubuhi moja tulifungua chumba tukakuta raketi ya mwenyekiti wa klabu haina kitu katikati, imeliwa safi, imebaki duara tupu. Mzee Chande alipeleka ile fremu kwa mwenyewe kwa heshima zote, akamwambia, "Mheshimiwa, wageni wamekula futari yako." Ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na bahati nzuri mwenyekiti alikuwa mtu wa kucheka. Toka hapo raketi zote zilining'inizwa darini kwa waya. Baadaye zikaja za chuma, kisha hizi za kaboni mnazozishika ninyi, na nyuzi za viwandani ambazo panya akizionja anaghairi.

Sasa nije kwenye swali lenu. Mtu anataka mambo matatu kwenye raketi. Anataka nguvu, anataka mpira uende anakoutuma, na anataka mkono usimuume. Matatu haya yanagombania kitanda kimoja, ukimpa mmoja nafasi mwenzake anasogea ukingoni. Kichwa kikubwa na fremu ngumu hukupa nguvu ya bure, unagusa tu na mpira unaondoka, ila mara nyingine unaondoka mpaka nyuma ya uzio na kuku wa watu wanakimbia. Kichwa kidogo hukupa kuuongoza mpira, lakini kinakudai upige katikati kila mara, na wengi wenu katikati hampajui. Mmoja wenu, simtaji, alinunua raketi ya kibingwa yenye kichwa kidogo, na muda wote uwanjani nasikia kok, kok, anapiga kwa fremu. Nikamwazima yangu yenye kichwa kipana na leo anacheza anacheka.

Nyuzi nazo zina maneno yake, na hapa wengi mnaelewa kinyume. Uzi uliokazwa sana hauongezi nguvu. Unakupa kuuongoza mpira, lakini nguvu unaitafuta mwenyewe kwa bega lako. Uzi uliolegea kidogo ndio unaorusha mpira, na ndio unaohurumia mkono. Kitanda kipya kilichokazwa mno kinakuumiza mbavu mpaka asubuhi, mnalijua hilo ninyi mliolala kwa bibi zenu. Kile kipira kidogo mnachobandika kwenye nyuzi kinaondoa kelele tu, kiwiko hakikijui. Na mpini usiwe mwembamba. Shika raketi, halafu ingiza kidole cha mkono mwingine kati ya ncha za vidole na kiganja. Kikiingia vizuri, mpini ni wako. Kisipopata nafasi, mpini ni mwembamba, utakuwa unaukaba muda wote kama mwenye kukamata kuku, na kiwiko kitakulipiza.

Nimekisema sana kiwiko, kwa hiyo niwasimulie habari ya Mwalimu Veronika. Mnamjua wote, amewafundisha hesabu na kuwavuta masikio. Ni Mmatumbi wa huko juu milimani, Mkatoliki wa kengele ya kwanza, mjane, na jioni hakosi pale kwenye uwanja wa saruji nyuma ya nyumba za serikali. Nilipohamia Masoko yeye ndiye alikuwa mtu wa kwanza kubisha hodi kwangu na raketi. Kwa macho niliipenda, nyeusi na mistari ya njano. Nilipoishika nikaona ni nyepesi kama pakacha tupu.

"Bi. Somoe," akasema, "nimekuletea hii. Nitafutie mtu aichukue."

"Kuna nini, mwalimu?"

"Mkono umekataa."

Nikamkaribisha chai. Kikombe alikishika kwa mkono wa kushoto. Akanieleza kwamba raketi ile aliletewa na mwanawe Kizito, anayefanya kazi Dar es Salaam, na siku za kwanza ilikuwa raha tupu, mpira unaruka wenyewe. Halafu nyuzi zikakatika, ikawambwa upya, na baada ya hapo kiwiko kikaanza. Daktari alimpa mazoezi, akamwambia apumzike, na kama maumivu yatarudi aachane na tenisi. Alipumzika vizuri. Aliporudi uwanjani maumivu yakarudi naye.

"Chaki naandika kwa tabu," akasema. "Nazi sikuni kabisa. Nikikaa kwenye mbuzi, ule mzunguko wa mkono unanitoa machozi. Krismasi iliyopita Kizito alikuja, nikampikia wali wa mafuta. Mtoto yule kala wali wa nazi ya mkono wangu tangu hajaota magego. Akala, akasema mzuri, nikajua ananidanganya."

"Akina jirani wasikukunie?"

"Wananikunia siku za kawaida. Siku ya mwanangu naona haya." Akaweka kikombe chini. "Na kuacha kucheza, Bi. Somoe, nimejaribu. Tangu baba Kizito afariki, nyumba ile jioni inanitazama. Saa ile ya uwanjani ndiyo saa yangu."

Nikachukua raketi, nikagonga nyuzi kwa ukucha kama nilivyofundishwa. Zililia mpaka paka wangu akainua kichwa. Nikazitazama vizuri, nikauliza, "Mwalimu, nani kakuwambia raketi hii?"

"Athumani, jirani yangu. Hapakuwa na fundi Masoko."

Athumani ni mvuvi. Alikuwa amewamba raketi ya mwalimu kwa mshipi wa kuvulia, ule mnene wa kuvutia samaki wakubwa. Nisimcheke peke yake, maana pwani hii yote mkono wetu ni huo. Mshipi unaopimwa hapa hufungwa kwenye mti, mtu anaukanyaga na kuuvuta kwa uzito wake wote, na ukinyumbuka hata kidogo unaitwa mbovu, kwa sababu mshipi unaonyumbuka unakupotezea samaki. Athumani aliuvuta ule wa raketi kwa moyo wake wote mwema mpaka haukuwa na pa kwenda. Kila mpira uliogonga pale mshtuko wake ulisafiri moja kwa moja mpaka kwenye kiwiko cha mwalimu.

"Ungemwambia akuwekee na ndoana kabisa," nikamtania.

"Usinicheke. Alifanya kwa upendo."

Niliukata ule mshipi siku ile ile. Nikamwambia aache raketi ya Kizito, nimpe ya kwangu ya zamani, laini, haina uzuri wa macho lakini haina fitina. Akakataa. Nikapandisha sauti, ninavyojua mwenyewe. "Mwalimu, unataka mkono wako au raketi ya mtoto?"

"Vyote," akasema, bila kupandisha yake. "Hii aliileta ameikumbatia kifuani, Bi. Somoe. Nikiitundika ukutani atauliza, na nitamwambia nini?"

Basi nikatoa mashine yangu ya kuwambia, ile ya zamani yenye uzito unaoning'inia, nikamwekea nyuzi laini na nikazilegeza. Nikaunenepesha mpini kwa ukanda mwingine. Akaijaribu polepole. Maumivu yalipungua, lakini hayakuondoka. Kikombe bado alikishika kwa kushoto. Nilikosa raha siku zile, maana nilikuwa nimetoa nilichonacho chote na mtu bado anaumwa.

Jawabu tulilipata kwenye kinu. Kulikuwa na harusi mtaani, na kama ilivyo desturi, wanawake tulikutana siku za mwanzo kutwanga mpunga. Mwalimu Veronika naye akaja, kanga kiunoni. Nikampigia kelele tangu mbali, "Mwalimu, na mkono huo?" Wasichana kwa kumhurumia wakampa mchi mwepesi, wa mti laini. Alitwanga kidogo tu, nikaona uso umekunjamana, akauweka chini. Nikashukuru Mungu, nikajua atakaa. Hakukaa. Akainama akachukua mchi wa mpingo, ule mweusi mzito ambao wasichana wote walikuwa wanaukwepa, akaingia kwenye zamu.

Walikuwa watatu kwenye kinu kimoja, wanapokezana, na wimbo ulikuwa mrefu. Mimi macho yalikuwa kwenye kiwiko chake. Nilingoja akishike. Wimbo ukaisha, akasimamisha mchi, akautazama mkono wake kama si wake, halafu akanitazama mimi.

"Bi. Somoe. Mchi huu hauniumizi."

"Haukuumizi vipi, na ndio mzito?"

Akafikiri. Ni mwalimu wa hesabu, haropoki. "Ule mwepesi nausukuma mimi," akasema. "Ukigonga, unagonga pamoja na mkono wangu. Huu nauinua tu, ukishuka unashuka wenyewe. Kishindo unakibeba wenyewe."

Tukatazamana. Mimi nimeshika ungo, yeye mchi, na nadhani sote wawili tulisema neno raketi kwa wakati mmoja. Nilikuwa nimelijua jambo hilo miaka yote, kwamba fremu yenye uzito wake humeza mshtuko na nyepesi humpa mwenye mkono, lakini ni nani anayemwona mtu anaumwa akafikiri kumpa kitu kizito zaidi? Tukaondoka pale na kupepeta hakujaisha, na shoga zangu wakatusema mpaka tukapotea konani.

Tulikwenda moja kwa moja kwa Athumani. Alikuwa uani anashona nyavu. Alipoona raketi akaipokea kwa tabasamu, kisha tabasamu likakauka.

"Mshipi wangu mmeutoa?"

"Umetoka, kaka," nikamwambia, "na samaki wake wote. Sasa tunataka risasi."

"Risasi ya nyavu?" Hizo ndizo zile za madini mazito wanazofunga chini ya wavu ili uzame. "Kwani raketi ya mwalimu inaelea?"

"Inaelea, ndiyo. Tunataka itulie."

Tulipomweleza, hakununa tena. Aliweka risasi juu ya jiwe, akaipondaponda kwa nyundo mpaka ikawa nyembamba kama jani, akaikata vipande vizuri kuliko ambavyo ningekata mimi. Nikavibandika vichache kwa utepe ubavuni mwa kichwa, huku na huku, na vingine nikavificha ndani ya mpini ili kichwa kisiinamie mbele. Hapo msiwe na pupa, wanangu. Weka kidogo, laza shingo ya raketi juu ya kidole uone inaelemea wapi, cheza siku kadhaa, ndipo uongeze. Na ukishashika risasi nawa mikono, usiende nayo kwenye maandazi.

Sitaki mkaseme mtaani kwamba Bibi Somoe anatibu. Mwalimu alifuata mazoezi ya daktari, akapumzika alipoambiwa, na alirudi uwanjani kwa adabu, mipira ya polepole tu. Lakini jioni moja nilimwona anatoka kucheza, akainua chupa ya maji akanywa, na mkono ulikuwa wa kulia. Nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kijinga kabisa, naimba peke yangu barabarani.

Kizito alifika karibu na Krismasi. Jioni ile ile akaja uwanjani na mama yake, na mimi na Athumani tulikuwa kwenye benchi kama wenye shamba. Kijana akaichukua raketi, akaipunga mara moja, akasimama.

"Mama, mbona nzito? Hii siyo niliyokuletea."

Mwalimu akanitazama. Mimi nikamtazama Athumani, na Athumani akaona kitu cha maana sana kwenye kidole chake cha mguu.

"Ndiyo ile ile," mwalimu akasema. "Ilikuja imekonda, tumeilisha."

Sote tukacheka, na Kizito akacheka. Lakini alikuwa na macho ya mama yake. Akaizungusha, akaona ukingo wa risasi chini ya utepe, akaupapasa kwa kidole gumba. Kicheko kikamwisha.

"Ilikuwa inakuumiza?"

"Ilikuwa."

"Mbona hukuniambia, mama? Ningeleta nyingine."

"Sikutaka nyingine," akasema. "Nenda upande wa pili unirushie mpira."

Wakacheza. Kijana alianza kwa kumhurumia, anampelekea mipira ya kitoto, mpaka mama akampiga mmoja mkavu, wa chini, pembeni kabisa mwa mstari, na Athumani akaruka juu ya benchi kama kafunga goli yeye. Baada ya hapo hapakuwa na huruma kutoka upande wowote.

Kwa hiyo mkiniuliza raketi ipi nzuri, mimi nitawaomba kwanza mnionyeshe mkono. Nitawauliza mchana mnafanya nini, mnalala mkiumwa wapi, na nani kawapa hiyo mliyonayo. Mkiona ni maswali mengi, kuna picha kwenye simu, zichagueni kwa rangi.

Siku ya Krismasi mwalimu alitualika, mimi, Athumani na mkewe. Tulikaa mkekani, chakula kikaja, samaki wa kupaka na sinia la wali mweupe, na harufu yake ilitangulia mlangoni kabla ya sinia. Kizito akatia tonge mdomoni. Akaacha kutafuna. Akatutazama mmoja mmoja, mke wa Athumani, mimi, akitafuta aliyemsaidia mama yake, na sisi tukatikisa vichwa.

"Nani kakuna nazi?" akauliza.

Mwalimu Veronika alinyoosha mkono wa kulia, akainua sufuria, akamwongezea wali.